Juu ya Mwalimu wa Wavu na Kombe la Mamluki

Wasomaji wetu, pana neno lililosemwa hapa Kharumwa mwezi uliopita ambalo limetusikitisha, nasi twaona si halali kulinyamazia. Katika mkutano wa wazazi wa shule moja ya sekondari ya huku kwetu, shule ambayo hatutaitaja jina kwa kuwa aibu yenyewe ni yetu sote, mzee mmoja mwenye heshima alisimama, akaegemea fimbo yake, akasema: "Ndugu zangu, mwalimu wetu wa mpira wa wavu amekaa nasi miaka tisa. Katika miaka tisa hiyo ametuletea kombe moja tu, tena la kata. Jirani zetu walipata mwalimu mgeni mwaka jana, na mwaka huu wametupiga mbele ya wake zetu na watoto wetu. Mimi naona huyu wetu ametosha. Tuombe mwingine." Watu wakapiga makofi, na akina mama kadhaa wakapiga vigelegele. Shauri halikukatwa siku ile, maana mvua ilikuwa yakaribia. Likawekwa hata mkutano ujao.

Mwalimu mwenyewe alikuwapo. Hakujibu neno.

Basi sisi twataka kujibu. Hakututuma, wala hajui kwamba twaandika, na pengine akisoma maneno haya atatulaumu, maana ni mtu asiyependa makelele. Lakini tumemwona akifanya kazi miaka hiyo tisa, wakati wazee wengi waliopiga makofi siku ile hawakupata kufika uwanjani ila siku za mashindano.

Na tuanze na jambo ambalo mle mkutanoni kila mtu alilijua na hakuna aliyelitamka. Katika vijana sita wa jirani zetu walioingia uwanjani, watatu hawakuwa wanafunzi. Mmoja tulimwona kwa macho yetu juma moja kabla yake, amejaa vumbi la karasha kichwa hata miguu, akishusha mifuko ya mawe garini. Wa pili ana mke na mtoto. Wa tatu alikwisha maliza kidato cha nne zamani, na ndevu zake zatosha kuwa shahidi. Walivikwa fulana za shule, wakaitwa kwa majina ya watoto wa shule, wakacheza. Watu wa namna hiyo siku hizi huitwa mamluki, yaani askari wa kukodiwa, na kila aliyefuatana na michezo ya UMISSETA, hiyo michezo ya shule za sekondari inayoanzia shuleni ikapanda kata, wilaya na mkoa hata kufika taifa, amelisikia neno hilo mara nyingi kuliko alivyopenda. Michezo ile iliwekwa kwa ajili ya wanafunzi. Neno hili halina tafsiri mbili.

Tena liko jambo jingine, nalo latuchoma zaidi, kwa kuwa ni la upande wetu. Siku nne kabla ya mchezo watu wa hapa hapa walimwendea mwalimu nyumbani kwake usiku. Walikuwa wamekwisha patana na vijana wanne wa machimboni, wenye mabega kama ya fahali, na gharama yao haikuwa kubwa: chakula, nauli ya pikipiki, na kitu kidogo cha mkononi. Mwalimu aliwakaribisha, akawapa viti, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaambia ya kuwa orodha ya majina imekwisha andikwa, na kila jina katika orodha ile lina mwenyewe. Hakusema zaidi. Wakaondoka kwa hasira. Siku ya mchezo tukashindwa seti mbili kwa moja. Mmoja wa waliokwenda usiku ule ndiye aliyetuhadithia habari hizi, wala hakutuhadithia kwa kujuta. Alitaka tuone jinsi mwalimu alivyo mkaidi.

Haya ndiyo makosa yake yote. Kama angalikubali, pengine tungalishinda, na mzee wetu angalisimama kumsifu, na miaka tisa ingalihesabiwa kuwa ni miaka tisa ya bidii.

Sasa twauliza: kazi ya mfundishaji wa mchezo shuleni, mtu ambaye siku hizi huitwa kocha, hupimwa kwa kitu gani? Tusipokubaliana katika jambo hili tutaendelea kufukuza walimu mmoja baada ya mwingine, kama mtu abadilishaye majembe kila mwaka na shamba lake halina mbolea. Kwa hiyo twapenda kuwaletea habari za mtu mmoja ambaye kazi yake yajulikana duniani kote, naye aliifanya katika shule ya sekondari ya mashambani, hapa hapa Afrika Mashariki. Mchezo wake haukuwa wavu bali mbio, lakini wasomaji watuvumilie; wavu tutaufikia.

Jina lake ni Bruda Colm O'Connell, mtu wa Ireland. Mwaka 1976 alifika Iten, katika nyanda za juu za Bonde la Ufa nchini Kenya, kuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya wavulana ya St. Patrick's. Iten ni mahali pa baridi, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Bruda alikuja kwa nia ya kukaa muda mfupi. Habari za mbio hakuzijua. Hakuwa mkimbiaji, wala hakupata kusomea kazi ya kufundisha wakimbiaji. Aliyemwingiza katika kazi ile ni mwalimu mwenzake, Mwingereza Peter Foster, ndugu wa mkimbiaji Brendan Foster. Foster alipokwenda zake, Bruda akabaki na wavulana, akajifunza kwa kuwatazama.

Angalieni hesabu hii. Alifika mwaka 1976. Mwaka 1986, katika mashindano ya kwanza ya dunia ya vijana yaliyofanywa Athens, nchi ya Ugiriki, wengi wa vijana wa Kenya waliorudi na medali walikuwa wametoka mikononi mwake. Mwaka 1988 Peter Rono, mwanafunzi wa shule ile ile, alishinda mbio za mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul, naye alikuwa na umri wa miaka 21. Toka 1976 hata 1988 ni miaka kumi na miwili. Kama Bruda angalikuwa mwalimu wa Kharumwa, mzee wetu angalimwondoa mwaka wa tisa, yaani mwaka 1985: mwaka mmoja kabla ya Athens, na miaka mitatu kabla ya Seoul. Tena angalipigiwa makofi.

Lakini watu wa Iten walimwacha akae. Mwaka 1989 akaanza kukusanya vijana wakati wa likizo ili wafanye mazoezi pamoja, wavulana na wasichana. Mwaka 1992 Matthew Birir, aliyesoma St. Patrick's, alishinda Olimpiki ya Barcelona katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Wilson Kipketer, naye wa shule ile, alihamia Denmark, akawa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu, mwaka 1995, 1997 na 1999. Katika kiwanja cha shule ile pana miti iliyopandwa kwa heshima ya vijana waliopita pale wakafanikiwa.

Habari inayotupendeza kuliko zote ni ile ya David Rudisha. Bruda alimwanza akiwa mvulana wa shule, akampeleka polepole. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana katika mita 800. Watu wakatazamia makubwa. Mwaka 2009 akaenda Berlin katika mashindano ya dunia ya watu wazima, akashindwa hata kuingia fainali. Hapo ndipo penye mafundisho. Mwanafunzi hakumkimbia mwalimu wake, wala hapakuwa na mkutano wa wazee chini ya mwembe wa kutaka kocha mwingine. Wakarudi Iten, wakaanza tena. Mwaka uliofuata, 2010, katika mji ule ule wa Berlin, Rudisha akavunja rekodi ya dunia iliyodumu tangu 1997, nayo ilikuwa rekodi ya Wilson Kipketer, mwanafunzi mwenzake wa mwalimu yule yule. Na mwaka 2012 huko London akashinda Olimpiki kwa dakika 1 na sekunde 40.91, mbio ambayo hakuna mtu kabla yake aliyepata kuikimbia kwa muda huo.

Twajua mtu atatujibu: "Watu wale wamezaliwa na mbio." Vema, lakini hizo damu zilikuwapo kabla ya mwaka 1976, na miinuko ya Iten ilikuwapo kabla ya hapo. Kilichoongezeka ni mtu mmoja aliyekaa. Hakuja na miujiza. Alikuja kwa muda mfupi, akakaa zaidi ya miaka arobaini.

Atasema mwingine: "Hizo ni mbio, kila mtu hukimbia peke yake. Wavu ni mambo mengine." Hapo asema kweli, na kweli hiyo yamgeukia mwenyewe, kwa sababu wavu wataka miaka mingi zaidi kuliko mbio. Na tueleze, maana tumeona ya kuwa wengi wanaohukumu mchezo huu hawaujui.

Mchezo wa wavu ulibuniwa mwaka 1895 huko Holyoke, nchi ya Marekani, na William G. Morgan, mwalimu wa mazoezi ya mwili katika chama cha vijana Wakristo kiitwacho YMCA. Aliubuni kwa ajili ya watu wazima ambao mpira wa kikapu, uliokuwa mpya wakati huo, uliwachosha mno. (Hii iwe faraja kwa wale wanaotuambia kuwa mchezo huu ni wa kipagani.) Uwanja wake ni mita 18 kwa mita 9, na katikati hupitishwa wavu, juu mita 2.43 kwa wanaume na mita 2.24 kwa wanawake. Kila upande una watu sita. Mpira haushikwi wala haulazwi mkononi. Upande mmoja una ruhusa ya kuugusa mara tatu tu kabla ya kuurudisha ng'ambo, na mtu akiisha kuugusa hana ruhusa ya kuugusa tena mpaka mwingine augusishe mkono. Yule mrefu mwenye kubamiza, ambaye watu wote humshangilia, hana kazi hata kidogo kama hakuna aliyeupokea mpira vema kwa mikono ya chini, na mwingine aliyeuinua vema karibu na wavu. Wale wawili hawashangiliwi na mtu.

Tena pana sheria ya kuzunguka. Kila upande ujipatiapo haki ya kuanzisha mpira kutoka kwa wenzao, watu sita wale husogea nafasi moja: aliyekuwa mbele huenda nyuma, aliyekuwa nyuma huja mbele. Katika kandanda waweza kumficha mchezaji dhaifu pembeni, ukamtegemea kijana mmoja hodari tangu mwanzo hata mwisho. Katika wavu hapana pa kujificha. Mnyonge atafika mbele, na jabali lako litafika nyuma, ambako mabega yake hayatamfaa kitu kama hajui kupokea. Kwa hiyo mwalimu wa wavu hawezi kumfundisha mmoja akawaacha watano. Humfundisha kila mtoto kila kazi, na watoto hao, wakati wamekwisha kujua, ndio wanaoaga shule, na wengine wasiojua kitu huingia kidato cha kwanza, naye huanza upya.

Tulimwona mwalimu wetu mwaka wake wa kwanza. Watoto walikuwa wakiupiga mpira kwa ngumi kama watu wanaofukuza ng'ombe shambani. Mpira ulikuwa mmoja. Wavu aliushona mwenyewe kwa nyavu kuukuu za wavuvi wa ziwani, akaufunga katika miti miwili ya mikaratusi, na mistari ya uwanja akaichora kwa majivu kila siku, kwa sababu kila siku mbuzi waliifuta. Mwaka mzima watoto walifundishwa kupokea tu, hakuna kubamiza. Wakanung'unika, wengine wakaacha. Mwaka wa tatu ndipo tulipoona kwa mara ya kwanza mpira ukigusa mikono mitatu ukavuka ng'ambo ile bila kelele, na watoto wenyewe wakasimama kama watu walioona kioja. Siku hiyo hapakuwa na wageni wala kombe. Sisi tuliokuwa pale kwa bahati tuliona kuwa ni siku kubwa.

Jirani zetu wa Kenya walilitambua jambo hili zamani. Timu ya wanawake ya wavu ya Kenya imekwenda Olimpiki mwaka 2000, mwaka 2004, ikaenda tena ile ya Tokyo iliyofanywa mwaka 2021, na ya Paris mwaka 2024. Timu yetu ya Tanzania haijapata kwenda hata mara moja. Je, wasichana wa Kenya ni warefu kuliko binti za Wasukuma? Mtu aliyekwenda mnadani Kharumwa atacheka akiulizwa swali hilo. Kisa ni kwamba kule ziko shule za sekondari zilizoufundisha wavu mwaka baada ya mwaka, kama Lugulu na Mukumu upande wa magharibi, na Kwanthanze upande wa Machakos, ambako jina la mwalimu Justin Kigwari limeambatana na mchezo huu. Kutoka shule za namna hiyo wasichana huenda katika timu kubwa za nchi, kama ile ya Magereza na ile ya Pipeline, na baadhi yao timu ya taifa. Mto una chemchemi yake. Sisi twataka kuchota mtoni na huku twaizibua na kuiziba chemchemi kila mwaka wa mashindano.

Hata Wajapani, ambao mwaka 1964 waliishangaza dunia wavu ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, hawakukodi mtu. Wengi wa wasichana wale walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi huko Kaizuka, na mwalimu wao, Hirobumi Daimatsu, alikuwa mkubwa mmoja katika kiwanda kile kile. Walifanya kazi mchana, wakafanya mazoezi hata usiku wa manane. Mwaka 1962 wakawa mabingwa wa dunia, na mwaka 1964 wakawashinda Warusi nyumbani kwao Tokyo. Kwa kusema kweli ukali wa Daimatsu hatuusifu. Aliwatesa wasichana kwa mipira hata wakaanguka, na mwalimu atakayefanya hivyo hapa kwetu tutamwandikia makala nyingine. Lakini ushindi ule ulikuwa wa wasichana wenyewe, kila mmoja kwa jina lake.

Linalotustaajabisha ni kwamba sisi watu wa nchi hii si wageni wa kungoja. Mwulizeni mchimbaji yeyote wa huku, toka Kharumwa hata Geita. Huanza duara hajui kama chini kuna kitu. Hushuka siku hata siku, hutia magogo ili udongo usimwangukie, hukopa chakula, hukopa mafuta, na mwezi wa sita bado hajaona jiwe lenye dhahabu, naye hakati tamaa; akiulizwa husema mwamba u karibu. Na mtu huyo huyo, mwenye uvumilivu wa kushinda Ayubu, akija katika mkutano wa shule hutaka mwalimu atoe dhahabu kwa muhula mmoja! Vivyo hivyo babu zetu wa Bagika na Bagalu. Walipokuwa wakijiandaa kushindana ngoma, hawakuwafundisha wachezaji jana yake. Manju alikaa na watu wake majira hata majira, na kikundi kilichoshindwa mwaka huu kilirudi nyumbani kutunga nyimbo mpya na mbinu mpya, hakikumtupa manju wake. Mtu aliyemsikia manju akishindwa akacheka, mwaka wa pili alijikuta amesimama katika umati ule ule, amefungua kinywa.

Wako pia wanaosema kuwa mchezo wenyewe hauna faida, hauleti ugali, na kwamba Mtume Paulo alikwisha yapunguza mazoezi ya mwili. Hao hatutakaa nao sana. Paulo aliyapunguza, hakuyafuta, na mtu aliyetumia mifano ya wakimbiaji na ya wapigana ngumi katika nyaraka zake hakuwa mtu wa kuchukia viwanja. Na habari za ugali, twawauliza wazazi hao hao: ni nini kinachowanyima usingizi? Si vijana wanaoacha shule wakaenda machimboni? Saa kumi jioni ndiyo saa ambayo mvulana wa kidato cha pili huhesabu shilingi za rafiki yake aliyekwisha kwenda. Mwalimu wetu ameiteka saa ile. Naye ana sheria moja ambayo hajaivunja hata kwa mchezaji wake bora: aliyekosa darasani asubuhi hagusi mpira jioni. Wasichana nao, ambao baba zao walikataa mwanzoni kwa sababu ya kaptula, hucheza kwa suruali ndefu, na shauri lile limekwisha.

Turudi kwa mamluki, maana hapo ndipo penye kidonda. Watu husema, "Ni mchezo tu, nani ameumia?" Sisi twamjua aliyeumia. Siku ile ya mchezo, mvulana mmoja wa shule ya jirani alikuwa amekaa chini ya mti kando ya uwanja, amevaa nguo zake za nyumbani. Twamfahamu, kwa sababu mama yake ni mtu wa hapa. Alikuwa amefanya mazoezi mwaka mzima. Tukamwuliza, "Mbona huchezi?" Akatutazama, akasema, "Nacheza, Mwalimu. Hamkusikia jina langu?" Na kweli, dakika ile ile jina lake lilikuwa likitangazwa, na mtu mwenye ndevu akainua mkono. Watu wakamshangilia kwa jina la mtoto yule. Mvulana akainama, akawa anachora chora mchangani kwa kijiti.

Hatujui mwalimu wake mpya ndiye aliyeyapanga hayo, au alilazimishwa na wakubwa wa kijiji kama walivyotaka kumlazimisha wetu. Kwa hiyo hatumhukumu. Lakini twawauliza wale waliopiga makofi mkutanoni: mvulana yule amejifunza nini shuleni mwaka huu? Amejifunza kuwa mtu aweza kuchukua jina lako, akavaa fulana yako, akapokea sifa zako, nawe unyamaze kwa ajili ya heshima ya shule. Kesho akiwa karani atajua la kufanya na orodha ya majina. Akiwa mwenyekiti wa kijiji atajua la kufanya na orodha ya wanaostahili mbolea. Ninyi mtakuja kulia kwamba viongozi ni wezi, na mwalimu wao wa wizi mlimchagua wenyewe kwa vigelegele.

Upande wetu vijana sita waliingia uwanjani kwa majina yao. Walishindwa kwa majina yao. Katika seti ile waliyoshinda, waliwashinda watu wazima watatu, na hata hilo hakuna aliyelitaja mkutanoni. Nahodha wao, mtoto wa mkulima wa pamba, alitoka uwanjani akilia, na mwalimu akamwendea, akamwambia maneno tusiyoyasikia, wakaenda pamoja kufungua wavu na kuukunja. Kesho yake saa kumi uwanja ulikuwa umekwisha pigwa majivu.

Kwa wilaya yetu ya Nyang'hwale, iliyo changa katika mkoa mchanga uliozaliwa mwaka 2012, mtu wa namna hii ni mali. Hatuna uwanja wa saruji, hatuna mipira ya kutosha, hatuna gari la kuwapeleka watoto mashindanoni. Tuna mtu mmoja aliyekaa miaka tisa. Katika watoto aliowafundisha wa kwanza, wawili ni walimu sasa, nao wanafundisha wavu huko waliko; mmoja alikuja likizo akaomba aonyeshwe tena namna ya kushona wavu. Hilo halina kombe, kwa hiyo halikuingia katika hesabu ya mzee wetu.

Mzee mwenyewe twamheshimu, na twaamini hakuwamo katika msafara wa usiku. Twamwomba jambo moja tu, kwamba kabla ya mkutano ujao afike uwanjani siku moja saa kumi, si siku ya mashindano, akae juu ya gogo lililopo pale mpaka jua lizame. Kiti tutamletea sisi.

Mkutano ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, chini ya miembe ile ile. Wale waliokwenda nyumbani kwa mwalimu usiku, na wasimame mchana mbele ya wazazi wenzao, waseme walikwenda kutaka nini na walijibiwa nini. Wasiposimama, sisi tutasimama, na majina yao tunayo.